Kabla hujachagua kijivu: maneno ya fundi cherehani wa Mtwara

Nyuma ya cherehani yangu kuna ubao wenye misumari, na kila msumari una koni yake ya uzi. Nyeusi inaisha haraka mpaka siku hizi nanunua tatu kwa mkupuo. Nyeupe, krimu na kijivu zinafuata. Koni ya manjano niliinunua mwaka ambao mwanangu wa mwisho alianza darasa la kwanza. Sasa yuko la tano, na uzi ule bado umejaa, upande unaotazama dirisha umeshaanza kupauka. Ya chungwa nayo hivyo hivyo. Zambarau mara ya mwisho niliigusa nilipomshonea mama mmoja wa kwaya.

Kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa kwamba rangi zinatuhama. Nyuzi zilikwisha niambia.

Nashona hapa Mtwara mjini, karibu na soko, mwaka wa 19 sasa. Nilipoanza, mteja alikuja na kitenge mkononi na wasiwasi wake ulikuwa mmoja: maua ya mbele na ya nyuma yakutane kwenye mshono. Leo anakuja na simu. Ananionyesha gauni la rangi ya mchanga mkavu, anasema, "Dada fundi, nataka kitu kilichotulia. Kisiwake." Neno hilo la kuwaka nalisikia kila wiki, na linatamkwa kama jina la ugonjwa. Inayowaka ni ya kishamba, ya bibi kijijini, ya aliyeshuka jana kwenye basi la Newala. Iliyopoa ndiyo ya mjini na ya ofisini.

Naandika kwa sababu na mimi niliamini hivyo, na imani hiyo ilimwangusha mama yangu.

Miaka minne iliyopita tulimaliza kupiga lipu nyumba yetu kule Magomeni. Nilikuwa nimejaza simu picha za nyumba za watu nisiowajua, na zote zilifanana. Nikachagua kijivu kilichoiva kwa nje, kijivu chepesi kwa ndani, milango ya kijivu, na vigae vya kijivu kuanzia sebuleni mpaka kwenye ngazi mbili za barazani. Fundi rangi akasema huo ndio mtindo. Majirani wakaja kuona, wakasema imekuwa kama hoteli, na mimi nikalala usingizi mzuri.

Mama akaja kutoka Newala kukaa nasi msimu wa mvua. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, lakini tulikuwa hatujajua, tulidhani ni uzee tu. Siku ya tatu, jioni, akatoka barazani na kuikosa ngazi. Kwake yeye hapakuwa na ngazi pale. Palikuwa na kijivu kimoja kirefu kilichoanzia sebuleni kikaishia uani. Akavunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Tukiwa kwenye bajaji kuelekea hospitali, mkono ameulaza juu ya mapaja yangu, akasema taratibu, "Mwanangu, nyumba yenu nzuri. Ila haina pindo."

Anayejua kanga anajua mama alisema nini. Kanga ina mji, ile sehemu ya katikati, na ina pindo linalozunguka pande zote nne. Pindo ndilo linalokwambia nguo inaanzia wapi na inaishia wapi. Nyumba yangu ilikuwa mji mtupu. Ukuta uliingia kwenye mlango, mlango ukaingia kwenye sakafu, sakafu ikaingia kwenye ngazi, na mtu mzima asiyeona vizuri hakuwa na pa kushika kwa macho.

Baadaye daktari alitueleza. Mtoto wa jicho huitia lenzi ya jicho ukungu, na polepole huigeuza kuwa ya njano au ya kahawia. Mwanga unaoingia unapungua, buluu inafifia, na rangi mbili zinazokaribiana zinakuwa moja. Hata mzee asiye na tatizo hilo anahitaji mwanga mwingi zaidi kuliko kijana, na anahitaji rangi ziachane waziwazi ili aone ukingo wa kitu. Mimi nilipokuwa naona vijivu vitano vilivyopangwa kwa ustadi, mama alikuwa anaona kimoja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu urembo kabisa. Kama kuna mzee nyumbani kwako, au kama wewe mwenyewe unatarajia kuzeeka humo, anza na ngazi. Paka mstari kwenye ukingo wa kila ngazi, upana wa vidole vitatu, kwa rangi inayoachana kabisa na sakafu. Juu ya kijivu cha giza, njano inaonekana vizuri sana. Kopo dogo la rangi ya mafuta linatosha ngazi za nyumba nzima na linabaki. Kisha fremu ya mlango iwe tofauti na ukuta. Bafuni, ndoo na kopo visiwe rangi ya sakafu. Mezani, usimpakulie mzee wali mweupe kwenye sahani nyeupe halafu ukasema hali vizuri; mpe sahani ya buluu uone. Mambo haya niliyafanya wiki ile ile, kwa mikono yangu, kwa sababu sikutaka kumsubiri fundi.

Nimejaribu kuelewa kijivu hiki kimetufikiaje. Jirani yangu wa kibanda cha pili anauza mitumba, na anapofungua belo asubuhi huwa nasogea kuangalia. Miaka ya mwanzo belo la blauzi lilikuwa kama bustani: maua makubwa, mistari, vitufe vya rangi tano. Sasa linafunguka jeusi, la kijivu, la buluu ya giza, na hapa na pale krimu. Mitumba ni nguo ambazo watu wa mbali wamekwisha zivaa na kuzichoka, kwa hiyo belo linatuonyesha walichokuwa wakipenda wao miaka michache nyuma. Na kwao jambo hili limepimwa. Mwaka 2020 watafiti walipitisha kwenye kompyuta picha zaidi ya 7,000 za vitu vya matumizi vilivyohifadhiwa na Science Museum Group, kundi la makumbusho ya Uingereza, vya tangu miaka ya 1800 hadi karibu na leo. Waliona kijivu kinapanda kadiri miaka inavyosogea, huku kahawia na njano zikishuka. Sababu moja waliyoitaja inaeleweka hata kwa asiye msomi: zamani vitu vilitengenezwa kwa mbao, sasa ni plastiki na chuma.

Sababu nyingine naiona barabarani. Duniani sasa, karibu magari mapya manne kati ya matano yanatoka kiwandani yakiwa meupe, meusi, ya kijivu au ya fedha. Simama barabara ya kwenda bandarini uhesabu yanayopita, mengi yakiwa yameshatumika Japani kabla ya kufika kwetu, utaona. Mtu ananunua gari leo akimfikiria atakayemuuzia kesho, basi anachagua rangi ambayo hakuna atakayeikataa. Nyumba nazo tumeanza kuzipaka hivyo. Unakuta mama amejenga kwa fedha ya korosho ya misimu saba, hana nia ya kuuza, atazikwa akiwa na nyumba ile, lakini kuta amezipaka kwa ajili ya mnunuzi ambaye hayupo.

Na hali haijawahi kuwa rahisi kama leo kwa anayetaka rangi. Mwaka 1856 kijana wa London, William Henry Perkin, akiwa na miaka 18, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini, dawa ya malaria, homa inayotulaza sisi huku. Hakuipata. Chomboni kilibaki kitu kilichotia kitambaa rangi ya zambarau, na hiyo ikawa mwanzo wa viwanda vya rangi za nguo zisizotoka kwenye mmea wala mdudu. Kabla ya hapo, zambarau iliyo bora kuliko zote ilikamuliwa kwa konokono wa baharini, maelfu yao kwa nguo moja, ikavaliwa na wafalme. Mimi ninayo zambarau kwenye msumari, kwa bei ile ile ya nyeusi, na koni yake haishuki msumarini.

Wateja wangu wanaposema kutulia ndiyo heshima, hapo huwa naacha kukanyaga cherehani ili tuongee vizuri. Maana sisi watu wa kusini tuna historia na nguo isiyo na rangi.

Katika miaka ya 1800 Kilwa Kivinje, hapo juu mkoani Lindi, ilikuwa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa kwenda Unguja. Waliofikishwa pale walitolewa bara, hadi kwenye nchi za Ziwa Nyasa. Mavazi ya mtumwa yalijulikana. Mojawapo ilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli kutoka Marekani, ndiyo asili ya jina. Nyingine ilikuwa kaniki, pamba iliyochovywa kwenye nili mpaka ikawa buluu inayokaribia weusi. Nguo za rangi na za maua zilikuwa za wenye uwezo, za waungwana. Ndipo kuelekea mwisho wa karne ile kanga ikaingia: vitambaa vya leso vilishonwa pamoja vikawa nguo moja, baadaye zikaanza kuchapwa nzima, na maandishi yakaongezwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria huko mwaka 1897, na Tanganyika tulisubiri hadi 1922. Wanawake waliotoka utumwani waliziacha merikani na kaniki, wakanunua kanga. Doti ya kanga yenye nyekundu na njano iliyokolea ilimwambia kila mtu njiani kwamba huyu sasa ni wa nafsi yake.

Ninapofikiria hayo, halafu binti wa miaka 24 akaniambia kuwa kanga ya bibi yake inamwaibisha kwa sababu inawaka, naumia. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana namwambia mimi, nikiwa nimeshika futi mkononi, na wengine wananisikiliza na wengine wanaangalia saa.

Kiswahili chenyewe nacho kinashuhudia. Sifa za rangi zinazobadilika pamoja na jina ni tatu tu: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Tunasema kitambaa chekundu, nguo nyekundu, mlango mwekundu. Hizo tatu ndizo rangi za kanga ya kisutu, ile ya harusi, na kila nikiiona naona kama lugha yetu imekunjwa mle ndani. Rangi nyingi zilizobaki tumeazima kwenye vitu. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Zambarau ni tunda linalotia ulimi wino. Kijani ni jani, chungwa ni chungwa, kahawia ni kahawa, ugoro ni ugoro, kijivu kinatoka kwenye jivu. Na kuna damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea ya sketi za shule, jina ambalo hakuna katalogi itakayoweza kulibuni. Mtu anapoacha rangi anaacha na majina yake, na wanangu tayari wanasema "ile kama pinki lakini siyo."

Mwaka jana kamati ya harusi iliniletea oda ya magauni 14 ya wasimamizi, rangi "nyudi". Nikauliza nyudi ipi. Wakanionyesha: rangi ya ngozi ya Mzungu. Jina lenyewe lina maana ya rangi ya mwili usio na nguo, na mwili uliofikiriwa haukuwa wa yeyote kati ya wale mabinti 14. Nikawatolea vitambaa vinne, nikawapeleka mlangoni kwenye mwanga, nikamwekea kila mmoja kitambaa shingoni. Nyudi iliwafanya waonekane kama wanaumwa. Kwa aliye maji ya kunde, na kwa aliye mweusi wa kung'aa, chungwa lililokolea na kijani cha mgomba viliinua uso mara moja. Wakachagua chungwa. Siku ya harusi, wanawake walipoingia uani na kuvua mabaibui, ua lote likapendeza, maana chini ya baibui bado tunavaa tunachokipenda. Baibui silisemi vibaya, ni vazi la stara na mimi mwenyewe ninalo. Kanzu nyeupe ya Ijumaa nayo haina haja ya kuongezwa kitu. Nazungumzia kile kijivu tunachokichagua kwa hofu ya kuchekwa.

Basi kama umekuwa ukivaa nyeusi na kijivu kwa miaka na unataka kurudi, usirukie gauni zima. Utalivaa mara moja, utajiona unatazamwa, utalificha. Iga kanga: mji utulie, pindo liwe na nguvu. Mwambie fundi akuwekee bitana ya rangi ndani ya koti la kijivu, au mkanda wa kitambaa kingine kwenye pindo la sketi, upana wa vidole vinne. Kilemba ni njia nzuri pia kwa sababu kiko karibu na uso, na uso ndio unaofaidi. Rangi usiichague chini ya taa ya dukani. Taa zile zinadanganya: vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa vikaachana ukitoka juani. Muombe muuza duka ruhusa, toka nacho mlangoni, kiweke chini ya kidevu, muulize mtu asiyekuonea haya. Kwa mafundi wenzangu wanaoanza: uzi unapokosa kufanana sawasawa na kitambaa, chukua uliokolea kidogo kuliko ulio mwepesi, kwa kuwa uzi mmoja ukilala juu ya nguo huonekana mwepesi kuliko ulivyo kwenye koni.

Watu wanasema nyeusi haichafuki. Hapa kwetu, Desemba, jasho likikauka kwenye blauzi nyeusi linaacha mistari myeupe ya chumvi mgongoni ambayo kitenge cha maua kingeificha. Na nyeusi ya bei nafuu ikianikwa kwenye jua la Mtwara miezi mitatu inageuka rangi ya kutu. Nguo za rangi zote, nyeusi ikiwemo, fua mara ya kwanza peke yake kwa maji baridi, igeuze ndani nje, anika kivulini. Kanga zangu za siku nilipoolewa bado zinasomeka maandishi kwa sababu hiyo tu.

Kwa upande wa nyumba nimejifunza kwa gharama, kwa hiyo hapa nisikilize. Jua na chumvi ya bahari vinakula rangi, lakini havili zote sawa. Zambarau na waridi za nje zinapauka mapema. Nyekundu ya udongo, njano ya udongo na kahawia hudumu, kwa kuwa nyingi hutengenezwa kwa oksidi ya chuma. Hiyo ni kutu, madini yaliyokwisha kupitia kila kinachoweza kuyapata, na jua halina cha kuongeza. Sakafu nyekundu za nyumba za zamani, zile tulizozisugua kwa nta Jumamosi tukiwa watoto, zilitiwa oksidi hiyo hiyo kwenye saruji, na baadhi ziko hai mpaka leo. Tazama pia udongo wa uwanda wa Makonde ukipanda kwenda Newala. Rangi hiyo ya ukutani haitakuwa ngeni kwa mtu yeyote, na vumbi la kiangazi likikaa juu yake halionekani. Kijivu cha mkaa juu ya bati kifikirie mara mbili: rangi ya giza inakunywa joto la jua, na wewe unalala chini yake.

Ukiogopa kuta, ziache nyeupe au krimu, kisha upe nyumba pindo. Wazee walipaka sehemu ya chini ya ukuta rangi iliyokolea ili matope ya mvua yasionekane. Rudisha mkanda huo. Fremu za madirisha ziwe buluu au kijani. Mlango wa mbele uwe na rangi ambayo mtoto anaweza kumwelekeza mgeni kwayo. Kabla ya kununua ndoo kubwa, nunua kopo dogo, paka kipande cha mita moja kwa mita moja, kikauke, ukitazame asubuhi, saa sita na jioni kwa siku mbili tatu. Mimi sikufanya hivyo, ndiyo maana nilipaka mara mbili.

Ndani, weka hata picha moja. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru, majirani zetu wa Ruvuma, alianza kuchora kwa rangi za baiskeli kwenye mbao nyembamba za bei rahisi. George Lilanga, Mmakonde, alijaza rangi mashetani wake, wale viumbe wa ajabu wa sanaa yake, mpaka nyumba za sanaa za Ulaya zikamtafuta. Hao ni watu wa kusini. Huenda kuna kijana karibu nawe anayechora kwa mtindo huo na hana mnunuzi, huku sebuleni kwako kuna picha ya mawe matatu ya kijivu iliyochapwa kiwandani.

Mama alipasuliwa jicho la kwanza miezi michache baada ya kuanguka. Siku walipomfungua bandeji alinyamaza, akanishika kanga begani, akaivuta karibu na uso. Ilikuwa ya buluu na nyeupe, ya kila siku, nimepikia nayo mara ngapi sijui. Akaniuliza, "Hii ni mpya?" Nikamwambia, "Hapana mama, ndiyo ile ile." Akaendelea kuitazama mpaka muuguzi akaja kumwita.

Sasa amerudi Newala na anataka geti lake lipakwe. Nikamuuliza rangi gani, nikitegemea aseme kijani, ndiyo anayoipenda. Akasema nisimtajie jina, majina ya dukani hayaelewi. Nisubiri mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaive, nichume moja lililo nusu jekundu nusu njano, niende nalo kwa muuza rangi, nimwonyeshe pale panapokutana. Mabibo yameanza. Naenda Jumamosi, asubuhi, kabla halijalainika.